Sindano Begani mwa Mama Mkwe

Mjini Kitale wako watu wengi wanaojua kudunga. Mwenye stashahada ya kudunga ni mimi. Inaning'inia ukutani nyuma ya kiti changu, ndani ya fremu niliyoinunua Guangzhou kwa sababu sikuziamini fremu za huku, na ina muhuri mwekundu mkubwa kama kisosi. Wagonjwa wangu hawawezi kuisoma kwa kuwa imeandikwa Kichina. Hilo limenisaidia zaidi kuliko kama wangeweza.

Chuoni sikupelekwa na mtu. Shule niliiacha kidato cha tatu huko Kimilili, nikabeba magunia ya mahindi sokoni kwenye mji wa Kwanza, karibu na Kitale, nikawa dalali wa mahindi, kisha mfanyabiashara mmoja akanichukua nimsindikizie mizigo hadi China. Yeye alirudi. Mimi nilibaki kwenye ghala nikifunga mabelo, yale marobota makubwa ya nguo, nikajifunza lugha kwa wapakiaji na wapishi, na nilipoweza kusoma vibao vya barabarani nikajiandikisha chuo cha tiba ya sindano. Asubuhi chuo, jioni mabelo. Darasani nilikuwa Mwafrika peke yangu, na tulipomaliza nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu.

Sindano zenyewe si kama za hospitali. Ni nyembamba kama unywele, hazina tundu, hazina dawa ndani. Unaziweka kwenye ngozi mahali panapofaa, unaziacha kwa muda, unazitoa. Watu hudhani tulianza kwa kujifunza mahali pa kudunga. Tulianza na mahali pa kutodunga. Mwaka wa kwanza karibu wote ulikuwa wa kutiwa hofu. Chini ya bega la mtu mwembamba kuna pafu, na sindano ikizama kupita kiasi hewa huvuja, mtu akaanza kuhema kama aliyepanda Mlima Elgon mbio, pengine baada ya saa kadhaa, akiwa ameshafika kwake na wewe umeshafunga mlango. Kuna mishipa mikubwa ya kuepuka. Kuna mwanamke mjamzito. Kuna ngozi yenye kidonda. Kuna mtu anayemeza dawa za kufanya damu isigande. Na kuna yule anayesahauliwa na wengi: mtu mwenye njaa, au aliyechoka, au mwenye woga, ambaye ukimdunga akiwa ameketi anaweza kuzimia mbele yako kwa sindano isiyoumiza hata mtoto. Mwenzangu mmoja darasani, mtu wa miraba minne aliyewahi kuwa mwanajeshi kwao, alianguka kutoka kitini kabla sindano haijamgusa. Mimi sikuanguka. Nilijidunga paja langu mwenyewe, mwalimu akasema mkono wangu umetulia.

Niliporudi nilipata kibali, nikafungua chumba Kitale nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na kila Alhamisi nikawa Bungoma, kwenye chumba ninachokodi nyuma ya fundi wa nguo. Masharti yangu ni yaleyale pande zote. Sindano hutoka kwenye pakiti mpya mbele ya macho yako, hutumika mara moja, huingia kwenye boksi la manjano na haitoki tena. Mgonjwa wa mara ya kwanza hulala, haketi. Awe amekula. Kabla ya yote nakuuliza maswali, halafu nakuambia madhara: unaweza kutoka damu kidogo, ngozi ikavilia damu, ukasikia usingizi au kizunguzungu. Mabaya zaidi ni ya nadra, lakini hayo pia nayataja.

Watu wa Trans-Nzoia, kaunti ya Kitale, hawakuwa wamezoea kutajiwa. Mkulima mmoja kutoka Kwanza alinisikiliza hadi mwisho akavaa kofia yake.

"Wewe ndiye daktari wa kwanza kunitisha kabla ya kunitibu," aliniambia. "Wenzako hutisha baadaye."

"Mimi si daktari. Nina stashahada."

"Ndiyo maana unaogopa," alisema, akavua kofia, akalala.

Wengine huondoka wamekata tamaa kwa sababu hawakuona damu. Wamezoea kuumikwa kwa pembe, ambapo damu mbaya unaonyeshwa, nyeusi, imeganda, na unajua umetoa nini. Kwangu wanauliza, "Sasa umetoa nini?" Nasema sijatoa kitu. Wanatazamana. Mzee mwingine alikuja na mkewe, wote wakiwa na maumivu ya kiuno, akataka nitumie sindano zilezile kwa wote wawili ili nisiharibu vitu. Nikamweleza habari ya magonjwa yanayopita kwenye damu.

"Lakini sisi tulifunga ndoa kanisani," alisema. "Ni mwili mmoja."

Nilifungua pakiti mbili. Mke alinishukuru zaidi kuliko ilivyohitajika.

Naeleza haya ili ieleweke kwamba nilipoletewa bega la mama mkwe wangu nilikuwa mtu wa masharti, na masharti yangu yalikuwa yanajulikana.

Kwetu Bungoma, mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Akija njia hii, wewe unapita ile. Kama lazima mzungumze, mnazungumza kupitia mtu, hata kama mnasikilizana vizuri. Si uadui. Ni heshima, na heshima hiyo ina wivu: ukiigusa kidogo inaita wazee. Miaka yote ya ndoa yangu, mama mkwe nilimwona kwa mbali, mara nyingi mgongo. Zawadi zake kutoka China zilipelekwa na mke wangu, na shukrani zikarudi kwa njia hiyohiyo.

Basi bega lake la kulia likakakamaa. Mwanzo alishindwa kuinua jembe, kisha kuinua sufuria, kisha mkono ukakataa kupita kifua. Ni mjane, anaishi peke yake upande wa barabara ya kwenda Kimilili, na hakuwa tena na uwezo wa kujifunga kitambaa cha kichwa. Binti wa jirani alikuja asubuhi kumfunga, akamfunga kama bibi harusi. Mama mkwe akaacha kwenda kanisani. Halafu akaacha kwenda shambani, kwa sababu njia ya shamba inapita kanisani. Mke wangu alipotoka kumwona alirudi Kitale, akakaa jikoni bila kuwasha moto.

"Mama anataka kuhamishiwa kwa kaka," aliniambia. "Anasema nyumba imemshinda."

"Kaka yako anakaa Mombasa."

"Ndiyo nakuambia. Ataenda kukaa Mombasa, na mama hajawahi kulala nje ya Bungoma."

Siku chache baadaye akaja mjomba wake, ndugu mdogo wa mama mkwe, mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo kwa mambo yote yanayohusu wakwe. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaitazama stashahada kwa muda.

"Mkwe, wewe unadunga watu wa Kitale. Unadunga watu wa Webuye. Nasikia umedunga hata pasta. Dada yangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, mjomba. Ni mama mkwe."

"Hilo tunalijua. Wewe ndiye umesoma. Tafuta njia."

"Njia ni kumpeleka kwa mwingine."

"Mwingine yuko wapi?"

"Kuanzia hapa mpaka Bungoma hakuna mwingine mwenye stashahada."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

"Basi si umejijibu," alisema mjomba.

Tulijadiliana kwa wiki mbili, mimi Kitale, wao Bungoma, simu ikiwa katikati. Nilisema lazima alale kitandani. Jibu likarudi kwamba mama mkwe halali mbele ya mkwe wake hata akiwa maiti. Nilisema basi nimwone uso, kwa sababu mtu anayetaka kuzimia huanzia usoni. Jibu likarudi kwamba uso ndio hasa usioonekana. Mwishowe mjomba akaleta mpango wa ukoo. Ataketi kwenye kiti, akitazama ukuta. Atafunikwa shuka kuanzia kichwani hadi miguuni. Shuka itatobolewa tundu kwenye bega la kulia, na mimi nitatibu tundu. Mke wangu atakaa mbele ya mama yake, ndani ya shuka, amshike mkono na kuniambia hali yake. Mjomba mwenyewe atakaa nje mlangoni kama shahidi.

Chuoni walitufundisha kwamba mgonjwa wa mara ya kwanza alale. Hawakutufundisha kuhusu mama mkwe. Nilipima mambo yote mawili, nikapima na Mombasa, nikakubali. Nilisema nitaweka sindano chache, juujuu, za kuonja tu.

Alhamisi iliyofuata fundi wa nguo alikata tundu mwenyewe na kulipinda ukingo ili lisichanike. Shuka ilikuwa ya bluu. Walipokuja nilitoka nyuma, nikazunguka uani mpaka nikaitwa. Nilipoingia, katikati ya chumba changu palikuwa na hema la bluu, na kwenye hema dirisha la ngozi lenye ukubwa wa sahani ya chai.

Nikauliza maswali yangu, nikilielekea hema.

"Mwulize mama kama amekula."

Sauti ya mke wangu ndani ya shuka: "Mama, umekula?" Kisha: "Amesema amekula."

"Amekula nini?"

Shuka ikasogea. "Amesema chakula."

"Mwulize kama kuna dawa anazomeza."

Minong'ono. "Hakuna."

"Aliwahi kulazwa?"

"Baba watoto, si unajua alilazwa na malaria mwaka juzi."

Nilijua. Nilikuwa nimeambiwa malaria, na nilituma matunda. Nikaeleza madhara, yote, mke wangu akayarudia kwa sauti ya chini kama anayesoma sala. Nikauliza kama anakubali. Hema likatikisika kidogo upande wa juu.

Bega lilikuwa jembamba, mfupa karibu. Nilisafisha, nikafungua pakiti, nikaweka ya kwanza juujuu, ya pili, nyingine chini kidogo. Mkono wangu ulikuwa umetulia kama siku zote. Nikauliza anasikiaje.

"Amesema yuko sawa."

Nikangoja. Nje cherehani ya fundi ilikuwa inakimbia. Nikauliza tena.

"Yuko sawa," alisema mke wangu, na safari hii hakuwa ameuliza.

Sasa hapa ndipo ninaposema elimu ni kitu. Mtu mwingine angekuwa anatazama sindano. Mimi nilikuwa natazama ngozi, kwa sababu ndiyo pekee niliyopewa. Ilikuwa kavu nilipoanza. Sasa vinyweleo vilikuwa vimesimama, na juu yake pametokea matone madogo ya jasho, na nilipoweka mgongo wa kidole changu ukingoni mwa tundu palikuwa baridi kama nyanya iliyolala nje. Chumba kilikuwa na joto. Sikumngoja mtu aniambie yuko sawa. Nilitoa sindano zote, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, kwa sababu mtu akiangukia sindano unakuwa na matatizo mawili. Ya mwisho ilipotoka, hema likaanza kuinamia kushoto.

"Mama," alisema mke wangu. "Mama, si unijibu."

Nikavuta shuka. Mama mkwe alikuwa na rangi ya majivu, macho yamerudi juu, na mke wangu amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili akinitazama mimi, si yeye. Nilimdaka kwapani kabla hajafika sakafuni. Nikamlaza chali hapohapo chini, nikageuza kichwa pembeni, nikalegeza kitambaa shingoni, nikashika miguu yake nikaiinua juu, ili damu irudi kichwani. Ndivyo inavyofanywa. Hakuna njia nyingine inayofanya kazi kwa haraka hiyo.

Mke wangu aliona nimeshika miguu ya mama yake, akageukia ukuta, akajifunika uso kwa ile shuka.

Mjomba alifungua mlango. Cherehani ikanyamaza. Nikawa nimesimama katikati ya chumba changu cha kazi, chini ya nakala ya stashahada yangu, nimekumbatia visigino vya mama mkwe wangu kifuani, na mzee wa kanisa ananitazama, na nyuma yake fundi wa nguo na mteja wake aliyekuwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Unafanya nini?" aliuliza mjomba polepole.

"Narudisha damu."

"Imetoka wapi?"

"Iko miguuni. Inatakiwa kichwani. Funga mlango, mjomba."

Alifunga mlango, akiwa ndani.

Rangi ilianza kurudi midomoni. Mama mkwe akafumba macho, akafumbua, akatazama dari, kisha akafuata miguu yake kwa macho hadi ilipoishia. Tukatazamana. Ana uso wa mke wangu, ila umeshaamua mambo mengi zaidi.

"Wewe ndiye?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Alinitazama kwa makini.

"Nilidhani wewe ni mrefu," alisema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu nimwoe binti yake. Mjomba alikaa kwenye kiti.

Nilikuwa bado nimeshika miguu, kwa hiyo nilichokuwa nimevunja nilikuwa nimeshakivunja, na nikaona heri nitumie nafasi.

"Mama, leo umekula nini?"

Nilingoja. Miguu ya mtu mzima ni mizito.

"Sijala," alisema.

"Jana jioni?"

"Chai. Kikombe nusu."

"Na asubuhi maji?"

"Maji ya nini?" Alisema kwa hasira kidogo, na hasira ilimsaidia, uso ukapata rangi zaidi. "Ninywe maji nije huku, halafu niende choo wapi? Choo chako?"

Choo ni cha ploti nzima, kiko uani, na mlango wake unaelekea mlango wangu. Nilikuwa sijawahi kukifikiria kama kikwazo cha tiba. Mke wangu akasema ndani ya shuka, "Mama, si uliniambia umekula."

"Wewe uliniuliza ukimwulizia huyu. Mtu akiulizwa na mkwe habari ya tumbo lake anajibu nini?"

Mjomba alikubali kwa kichwa, kama jambo lililo wazi.

Nikashusha miguu taratibu, nikaiwekea mto. Ndipo nikaona begani. Mahali pa sindano ya pili palikuwa na damu, si nyingi, tone linaloteremka, lakini tone hilo lilikuwa linateremka tangu nitoe sindano, na kwa kawaida pamba kidogo inatosha. Nilibonyeza pamba, nikahesabu moyoni, nikainua. Likaja jingine. Chini ya ngozi palikuwa pameanza kujaa, rangi ya zambarau iliyoiva.

"Mama, kuna vidonge unavyomeza."

Sikuuliza. Nilisema. Alimtazama mjomba. Mjomba alitazama stashahada.

"Vya mguu," alisema mama mkwe.

"Mguu umefanya nini?"

"Ulivimba. Damu ikaganda ndani. Nikalazwa, nikapewa vidonge, vya kila siku."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Niliambiwa malaria."

Shuka ilijibu: "Ningekuambiaje habari za mguu wa mama?"

Basi ilikuwa hivyo. Ukoo wote wa Bungoma ulijua kwamba damu ya mama mkwe haigandi upesi, kuanzia watoto hadi mjomba, na pengine hadi binti wa jirani anayefunga vitambaa. Mtu mmoja tu hakustahili kuambiwa, na huyo ndiye aliyepewa sindano. Hakuna aliyedanganya kwa ubaya. Walikuwa wananiheshimu.

Nilibonyeza bega kwa kidole gumba na sikuachilia. Nikasema tunaenda hospitali sasa hivi. Sindano hazikuzama, nilijua kina cha kila moja, lakini mwenye vidonge vile aliyezimia na ngozi inajaa si wa kukaa kwenye chumba cha nyuma ya fundi akinywa soda.

Mjomba akainuka.

"Ngoja kwanza, mkwe. Ipo kazi ya kufanywa hapa. Mmeshikana. Si mkono tu, ni miguu. Huyu hawezi kutoka mlangoni nawe hivihivi mbele ya watu. Lazima liletwe blanketi, achinjwe kondoo, yasemwe maneno. Tumwite mzee wa pili, yuko karibu, ni hapo tu sokoni."

"Damu haingoji mzee wa pili, mjomba."

"Na mkosi nao haungoji."

Alikuwa anasema kweli yake, naye alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Mimi nilikuwa na mkono mmoja tu ulio huru. Sote wawili tulikuwa na msimamo na hakuna aliyekuwa tayari kuusogeza, na chini ya kidole changu nilikuwa nasikia ngozi inaendelea kuwa nene. Mke wangu alitoa uso kwenye shuka akatutazama mmoja baada ya mwingine, machozi yanamtoka.

Aliyeamua ni mama mkwe, akiwa chali sakafuni.

"Kondoo atangoja," alisema. "Kondoo hana haraka. Wewe, niinue."

Aliniambia mimi.

Fundi alitafuta teksi. Hospitali tuliketi kwenye benchi moja, kidole changu begani mwake, kwa kuwa hakuna njia ya kubonyeza bega la mtu ukiwa benchi la pili. Mjomba alisimama mbele yetu, ametupa mgongo, koti lake limefunguliwa kama pazia. Mke wangu alikwenda kununua uji. Mama mkwe aliunywa wote nikiwa kando yake, akimtazama mjomba kisogoni.

Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya uchovu. Alitazama bega, akasikiliza kifua pande zote mbili, akasema mapafu yako sawa. Aliniuliza kina cha sindano na nikamweleza: kina, mwelekeo, mahali, pamoja na jina la kila mahali kwa Kichina. Alisema kubonyeza kumesaidia. Akaagiza damu ipimwe kuona vidonge vimefika kiwango gani, kwa sababu mama mkwe hakuwa amerudi kupimwa kwa muda mrefu. Vipimo vilionyesha dawa imezidi. Ingeendelea hivyo, alisema, hata jino kung'oka kungekuwa balaa. Akabadilisha kipimo cha dawa. Akasema bega lilihitaji mazoezi ya viungo tangu mwanzo, na kwamba akitaka sindano tena ni baada ya damu kupimwa na yeye mwenyewe kuruhusu.

Halafu akanigeukia.

"Hukuuliza kama anameza dawa?"

"Niliuliza."

"Ulimwuliza nani?"

"Binti yake. Huyu ni mama mkwe wangu."

Aliacha kuandika. Nilimsikia baadaye akimwambia mjomba kwamba nyumbani kwao ni Webuye, kwenye desturi ileile.

"Wangu nilimwona mara ya mwisho kwenye harusi," alisema, akarudi kuandika.

Damu ilikoma kabla ya saa sita. Doa lilienea hadi kwenye kiwiko, likapita rangi zote, zambarau, kijani, manjano ya ndizi, likaisha. Kondoo alichinjwa mwezi huohuo, blanketi likapelekwa, maneno yakasemwa na mzee wa pili kwa urefu, kwa kuwa aliona amecheleweshwa. Kwa ukoo wao, wakwe wakishafanyiwa hivyo wanaweza kuongea. Mama mkwe hakuwa amengoja. Wiki moja kabla ya kondoo alinipigia simu yeye mwenyewe kuniuliza kwa nini mazoezi ya hospitali yanauma, na kama mimi nilisoma kitu chochote kinachohusu hilo. Nilisoma.

Mombasa haikutajwa tena. Alihudhuria mazoezi yote, na daktari aliporuhusu akarudi kwangu Alhamisi. Analala kitandani. Hakuna shuka. Naweka sindano mbili tatu za juujuu, nyingine mkononi na mguuni mbali na bega, nabonyeza pamba kwa muda mrefu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mke wangu hutoka nje sindano zikianza, na hurudi zikiisha. Yeye bado hajazoea.

Mama mkwe ameshazoea. Huingia bila kubisha, wagonjwa wengine wakiwa kwenye foleni, husimama mlangoni na kutangaza kwa sauti ya kanisani:

"Nimekula ugali na mrenda. Nimekunywa chai vikombe viwili. Vidonge nimemeza, damu nimepima wiki iliyopita. Choo nimeenda, nimetumia chako. Dunga."

Wagonjwa wa Bungoma, ambao hawajui lolote, wamechukulia kwamba huo ndio utaratibu wa mahali. Sasa mtu mzima na suti yake anaingia, anavua kofia, ananiambia mbele ya watu alikula nini, anameza nini na mara ya mwisho alienda choo lini. Maswali yangu yamepungua nusu, na majibu ni ya kweli. Kitale bado hawajafikia hapo.

Mkono unapanda hadi sikioni, haujapita. Mimi nasema ni sindano. Daktari anasema ni mazoezi. Mama mkwe, nilipomwuliza ana kwa ana anadhani ni nini, alisema ni kule kuzimia: kwamba bega lilipata nafasi ya kupumzika kidogo yeye akiwa haliangalii. Nilimweleza kwamba hakuna elimu inayosema hivyo. Akaniuliza kama nimewahi kuzimia. Nikasema sijawahi.

"Basi hujui," alisema, akanyoosha mkono nimtolee sindano.